Rimoti ya Mama Mkwe

Mchimba kisima huingia mwenyewe, tunaambiwa, lakini kisima cha jirani yetu mshona mapazia kilimfuata hadi kitandani.

Aliishi na mama mkwe wake, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali. Mguu wa Mwalimu ulikuwa na maumivu yasiyosikia dawa, hadi madaktari walipompitishia waya mwembamba ubongoni. Umeme kidogo tu, maumivu yakalala. Macho yake yalikuwa hafifu, hivyo rimoti ya kuongeza na kupunguza umeme huo akakabidhiwa mkwewe.

Na mkwewe alikuwa na kinyongo. Miaka kumi na minne Mwalimu alimwita “mgeni,” hata mbele ya watoto aliowazaa. Asubuhi moja alipoitwa hivyo mezani, alishusha umeme kwa namba moja. Mwalimu akaushika mguu. Raha aliyoisikia mkwe haikuwa na mfano. Tangu hapo, kila “mgeni,” namba moja chini.

Jumamosi moja Mwalimu alimwita kwa sauti ya chini.

“Mwanangu, niko namba ngapi?”

“Nane, mama. Kama kawaida.”

Ilikuwa moja.

“Najua unachonifanyia,” Mwalimu alinong'ona. “Zamu yangu ikifika, nami sitakuonea huruma.”

Kabla ya adhuhuri moyo wake ulisimama. Alizikwa na waya wake kichwani, rimoti ikarudishwa hospitali.

Wiki ya tatu, mchana kweupe, mshona mapazia akiwa kwenye cherehani, mguu wake ukawaka. Ukapoa. Ukawaka zaidi. Alipiga yowe, mumewe akamkimbiza hospitali.

Mguu haukuwa na jeraha, wakampiga picha ya kichwa. Fundi wa mitambo aliitazama mara mbili.

“Dada, ulipasuliwa lini?”

“Sijawahi kupasuliwa.”

Akamgeuzia picha. Waya ulikuwa humo, umenyooka.

“Basi niongezee umeme, kaka. Nakufa.”

Fundi akachukua rimoti yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

“Inakataa. Kuna rimoti nyingine inayouendesha waya huu.”

“Iko wapi?”

“Hizi hazifiki mbali.” Aliangalia kiti kitupu kando ya kitanda. “Lazima iwe humu ndani.”

Mshona mapazia alikigeukia kiti. 

“Mama,” alinong'ona, “nisamehe.”

Kwenye kioo cha rimoti ya fundi, namba tatu ikawa mbili.

Kiti kile bado kipo wodini. Hakuna anayekikalia. Mto wake ulibonyea siku ile, na mpaka leo haujainuka.