Bomu la Ishirini na Tano

Disemba, saa tisa na nusu tu, na giza lilikuwa limeshaanza kuingia kiwanja cha ndege. Majira hayo jua la Norfolk, Uingereza, ni kama mgeni mwenye haraka, halivui hata kofia. Orrin Tofte alikuwa ametoka kutafuta makaa ya jiko.

Kazi yake jeshini ilikuwa kuziba matundu ya risasi kwenye ndege za mabomu. Lakini kwao Minnesota alikuwa mchora vibao vya maduka, na pale kiwanjani walimjua zaidi kwa brashi. Kila safari ya kushambulia Ujerumani ilipokwisha, waliorudi walimletea makoti yao ya ngozi, naye akamwongezea kila mmoja kibomu cha njano mgongoni, kirefu kama kidole cha mwisho. Mtu akitimiza ishirini na tano, anarudishwa Marekani kwa mama yake. Wengi hawakutimiza.

Aliporudi kibandani kwake na ndoo yake, alimkuta Del Raska amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya meza, koti mapajani.

"Mkono mtupu haulambwi, mzee," Del akasema, akafungua leso. Mayai mawili. Mayai ya kuku kabisa, si ule unga wa jikoni waliolishwa kila asubuhi wakaambiwa ni mayai.

"Umeiba wapi?"

"Nimepewa na mama mmoja wa kijijini. Nina sura ya yatima."

"Una sura ya mwizi wa kuku. Sema shida yako."

Del akalikunjua koti. Vibomu ishirini na vinne, mistari minne ya sita sita. "Kesho ya mwisho. Nichoree sasa hivi."

"Sichori."

"Orrin, bwana..."

"Bomu halichorwi mpaka magurudumu yaguse ardhi. Unajua wewe, najua mimi, hata mpishi anajua. Kamalize kwanza, uje."

"We ni mchoraji au mganga?"

"Ni mtu anayetaka kukuona keshokutwa."

Del akacheka, lakini mikono haikucheka naye, ilikuwa inalikunja koti na kulikunjua tena. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mpiga bunduki wa mkiani, yule anayekaa peke yake nyuma kabisa ya ndege na kutazama walikotoka. Orrin alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Hakuwahi kumwambia.

"Sikiliza," Del akasema polepole. "Tukimaliza, tunapakiwa lori alfajiri yake. Rangi yako inataka siku mbili kukauka. Nitashuka kwenye treni Nebraska na vibomu ishirini na vinne? Mama kahesabu safari zote kwenye barua zangu. Atataka kuvigusa kwa kidole, kimoja kimoja."

Orrin alimtazama, akayatazama mayai, akaitazama ile mikono. Huruma nayo huua, ila haitangulizi taarifa. Akafungua kopo la njano.

Alipomaliza, alilitundika koti kwenye msumari karibu na jiko. "Nenda na lile zito la manyoya. Hili usiliguse mpaka urudi."

"Nikirudi, nitakubusu."

"Toka hapa!"

Kesho yake ndege ishirini na moja ziliruka alfajiri. Saa tisa alasiri mafundi wote walikuwa wamesimama kando ya uwanja, shingo juu, wanahesabu. Sajini Pruitt, mkuu wa mafundi, alihesabu kwa midomo.

Kumi na tisa. Ishirini.

Kisha mbingu ikawa tupu.

"Nani bado?" mtu akauliza.

"Shangazi Hilda," Pruitt akajibu.

Ndiyo ndege ya Del. Walisubiri nusu saa, na baridi ikawa inawatafuna masikio. Mafuta ya ndege ile yalikuwa yanakaribia kwisha, kila mmoja alijua hesabu hiyo. Orrin akashindwa kusimama. Akarudi kibandani, akawasha taa, akaketi akiligeuzia koti mgongo. Akainuka. Akaketi tena.

Saa kumi na robo akasikia hatua nje, kwenye changarawe.

Polepole. Mtu mwenye buti nzito.

Mlango ukafunguka, na kabla hajamwona mtu, Orrin alisikia harufu... waya ulioungua, na baridi. Ndiyo, baridi ilikuwa na harufu, kama chuma kilicholala nje.

"Del!"

Alikuwa Del, na koti lake la manyoya, na alama ya mpira wa hewa usoni, ule wa kupumulia angani. Orrin aliruka kutoka kitini, machozi yakamtoka bila aibu. "Mtoto wa watu! Mmetua saa ngapi? Mbona sikusikia injini?"

"Nimekuja kuchukua koti," Del akanong'ona. "Nimemaliza."

"Kaa kwanza upate moto, uko kama barafu..."

"Nipe tu koti, Orrin. Naenda nyumbani."

Orrin akanyoosha mkono kwenye msumari, na kidole chake kikagusa kile kibomu cha mwisho. Kilikuwa kimekauka. Kikavu kabisa, kigumu kama mfupa, rangi ya siku moja tu.

Nje, Pruitt alipaza sauti kwa mtu wa mnarani: "Shangazi Hilda bado! Hata redio haijibu!"

Orrin akaganda. Kibandani mlikuwa na baridi kiasi kwamba pumzi yake mwenyewe ilitoka kama moshi.

Kinywani mwa Del hamkutoka moshi wowote.

Nywele zikamsimama. Hata hivyo hakukimbia. Alielewa kitu kimoja, na alikielewa kwa hasira kuliko kwa hofu: ni yeye aliyeimaliza safari ile. Mkono wake ndio uliomwandikia kijana amemaliza, angali hajaondoka. Basi kama brashi imemaliza, kisu kitaanzisha upya. Akashika kisu cha kukwangulia rangi.

"Usikifute," Del akasema.

Orrin akakwangua.

"Orrin... nimechoka. Nimeshaliona geti la kwetu. Niache nipite."

"Hujafa! Hujafa, mjinga wewe, hujamaliza!"

"Ndugu yangu, tafadhali..."

Alikuwa hajawahi kumwita ndugu yangu. Orrin alilia na kukwangua, njano ikadondoka sakafuni vumbi vumbi, mpaka ngozi ikachubuka ikawa nyeupe. Alipoinua macho, mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na ukungu.

Ndipo akasikia injini.

Moja tu ilikuwa inanguruma vizuri, nyingine zinakohoa. Akatoka mbio. Shangazi Hilda ilishuka ikiyumba, ikapiga ardhi, ikaruka, ikapiga tena, ikasimama nje ya lami. Kutoka mkiani walimtoa Del kwenye machela. Yu hai. Orrin alipiga magoti pale pale kwenye matope, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Pruitt akamwinua.

Daktari alieleza kwa maneno machache. Juu kule mpira wa hewa uliganda, ubongo ukakosa oksijeni muda mrefu mno. Wenzake walishamfunika uso. "Halafu saa kumi na nusu akavuta pumzi. Sina maelezo ya hilo. Mshukuruni Mungu tu."

Orrin alimshukuru. Siku tisa alikwenda hospitali kumlisha kijiko kwa kijiko. Del alimeza, akafumba macho alipoambiwa, akafumbua. Lakini hakusema neno, na macho yake yalimpita Orrin kama mtu anayetazama ukuta.

Na siku zote tisa, saa kumi na robo, hatua zilikuja juu ya changarawe.

Hazikugonga. Zilisimama mlangoni, harufu ya waya ikaingia kwa chini, na mtu akawa anapumzika... bila pumzi. Orrin alimwambia Pruitt. Pruitt akamwambia umechoka, nenda kalale. Ila tangu siku hiyo Pruitt naye hakuingia tena kibandani humo jioni, na kama ana neno, aliliitia akiwa mbali.

Angeweza kuchora tena. Kopo lilikuwepo, koti lilikuwepo. Usiku wa kuamkia safari ya meli ya kumrudisha Del kwao alilitandika mezani, akachovya brashi, akainua mkono. Lakini ni nani atakayechora kifo cha mtu ambaye mchana amemeza uji mkononi mwake? Akaisafisha brashi. Koti likafungwa pamoja na mizigo, na Del akapelekwa Nebraska na vibomu ishirini na vinne na kovu moja jeupe.

Februari ikaja barua. Orrin aliifungulia kibandani, jioni, mgongo kwa mlango, akaisoma kwa sauti ndogo kwa sababu alitaka kuisikia furaha ile.

"Mpendwa Bwana Tofte," mama yake Del aliandika, "mwanangu amefika salama. Hasemi bado, lakini anakula vizuri, anamaliza sahani na kusukuma aongezewe. Usiku nakaa naye nimemshika mkono. Mungu akubariki, nimeambiwa ni wewe uliyemtunza."

Orrin akaifuta barua, maana ilikuwa imelowa machozi. Kwa mara ya kwanza tangu Disemba moyo ulikuwa mwepesi. Jioni hiyo hakuwa amesikia hatua.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, baridi ikanong'ona:

"Orrin... huyo anayekula kwa mama ni nani?"