Mstari wa Kumi na Moja

Droo ilikuwa wazi, kufuli lake zima, na muhuri haumo.

Inspekta aliinama akachungulia. Pini kadhaa, kalamu iliyokauka, pedi ya wino yenye unyevu bado. Basi. Miaka kumi na tisa ya kazi, na leo ameondolewa kwenye kesi ya mauaji aje kutafuta kipande cha mpira chenye mpini wa mbao. Alijiinua huku akishika kiuno, hasira zimemkaa puani.

"Usiudharau, afande," alisema Karani, mama mnene mwenye sauti nyembamba. "Kituo kizima kina muhuri mmoja tu. Bila huo hatupokei mzigo, hatutoi mzigo, hatufungi faili."

"Mwingine utatoka wapi?"

"Makao makuu. Siku nne, wakiamka vizuri."

Kituo chenyewe kilikuwa bwalo la shule. Siku kumi na mbili zilizopita maporomoko ya udongo yaliufagia mtaa wa mlimani, na serikali ikawakusanya manusura hapa, chini ya bati linalovuja. Ofisi tatu zilikuja kuwasaidia, kila moja na meza yake na daftari lake. Wizara iliandika watu kwa kaya. Wilaya iliwaandika kwa namba za nyumba, ingawa nyumba zenyewe hazipo tena. Watu wa afya waliwaandika kwa vitanda. Aliyetaka blanketi alitumwa meza ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikamuuliza kwa nini hakuanzia ya kwanza.

Inspekta alimtuma Koplo wake akaulize kituo kina watu wangapi. Koplo alirudi anakuna kichwa.

"Afande, nimepata majibu matatu."

"Lipi la kweli?"

"Kila mmoja kaapa la kwake ndilo."

Kisichokuwa na utata ni lori lililoegeshwa getini. Lilifika saa saba mchana, punde tu baada ya polisi, na mahema themanini, kwa familia zilizokuwa zikilala nje kwa sababu bwalo limejaa. Dereva wake, bwana mwembamba mwenye kijiti cha meno mdomoni, alikaa juu ya bampa kama mwenye nyumba.

"Shusha mahema, muhuri utapatikana," Inspekta alimwambia.

"Hati yangu inataka muhuri, mama."

"Mvua hiyo inakuja. Huoni watoto wale?"

"Nawaona. Mimi pia nina watoto. Saa kumi kamili nageuza gari, kituo kingine kinaningoja."

Ilikuwa saa saba na nusu. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima, jeusi tii.

Akaanza na Karani.

"Funguo za droo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Mratibu."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mezani kwangu tangu saa kumi na mbili, naandikisha. Uliza foleni nzima, wamenitukana vya kutosha."

Koplo aliuliza. Foleni ilithibitisha, pamoja na matusi.

Mratibu, mkuu wa kituo, alikuwa mrefu, macho mekundu, shati amelifunga vifungo kombo. Alikuja akitembea juu ya tope kwa kandambili, miguu imemchafuka hadi magotini. Buti zake za mpira zilisimama safi nyuma ya meza, chini ya karatasi ya kanuni aliyoibandika ukutani kwa mkono wake.

"Muhuri uliuona lini mwisho?"

"Jana jioni. Au... ndiyo, jana."

"Uliita polisi saa ngapi?"

"Sikuita mimi. Makao makuu walipiga simu saa tatu, wakitaka orodha. Nikawaambia muhuri umeibwa. Wao ndio waliowaiteni."

"Orodha gani?"

"Ya waliopotea. Siku ya kumi na mbili inapigwa muhuri, utafutaji unafungwa."

"Unamshuku nani?"

"Yeyote. Watu wana shida, afande. Mtu akiwa na muhuri anajiandikia atakacho."

Maelezo yalikuwa na akili, na ndiyo yaliyomvuruga Inspekta saa nzima. Alikagua hati za blanketi, za unga, za dawa. Hakuna hata moja iliyoghushiwa. Koplo alipekua mifuko ya watu waliobakiwa na mifuko tu duniani, akarudi amejaa aibu. Saa tisa ikapita. Inspekta alikuwa haelewi kitu, na alipokuwa haelewi kitu alikuwa mkali.

"Mwizi gani huyu anaiba muhuri halafu hautumii?" alifoka.

Akarudi kwenye droo, akakodolea macho ile pedi ya wino. Akaigusa kwa kidole, kikatoka cha zambarau.

"Koplo, ukitaka kughushi ungechukua nini?"

"Muhuri, afande."

"Na?"

Koplo akatazama kile kidole. "Na wino."

"Huyu hakuchukua wino. Hakutaka kupiga muhuri. Alitaka usipigwe."

Wakamwita Karani.

"Leo ni karatasi zipi zilizosubiri muhuri?"

"Mbili tu. Hati ya mahema na ile orodha. Lakini mahema tuliyategemea kesho. Watu wa usafiri wamewahi bila kutuambia, kawaida yao."

"Kwa hiyo aliyeuficha hakujua lori litakuja leo. Lete orodha."

Majina kumi na moja ya watu wasioonekana. Safu ya mwisho ilikuwa ya ndugu wa karibu. Kumi walikuwa na mama, mume, kaka. Mstari wa kumi na moja, msichana wa miaka kumi na saba, ulikuwa mtupu.

"Huyu aliandikishwa na nani?"

"Mratibu alinitajia kwa mdomo. Alisema ndugu watajazwa baadaye."

"Orodha ikipigwa muhuri kunatokea nini mlimani?"

"Kijiko kinaondoka, ile mashine ya kuchimba. Kinakwenda kufungua barabara ya bonde la pili."

Kando ya mlango alikaa bibi mmoja aliyevaa koti la kiume, hana foleni, hana meza. Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Unamngoja nani?"

"Mjukuu wangu. Alikuja kunihamisha. Kanitoa mimi, karudi ndani kuchukua dawa zangu."

"Umemwandikisha?"

"Mwanangu kaniambia ninyamaze, atashughulika mwenyewe." Akanyoosha kidevu kumwelekea mtu aliyesimama mbali kwenye tope, amevaa kandambili.

Inspekta aliitazama ile miguu michafu, akazikumbuka buti safi nyuma ya meza. Saa tisa na nusu ilikuwa imefika, na tone la kwanza lilikuwa limeanguka. Aliingia ofisini, akanyanyua buti ya kushoto, akaigeuza. Muhuri ukadondoka mezani.

Mratibu alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia.

"Binti yako?" Inspekta aliuliza.

"Wa pekee."

"Eleza."

"Onyo la mvua niliandika mimi. Mama hanisikilizi, tangu zamani hanisikilizi. Nikamwambia binti, nenda wewe, bibi yako hawezi kukukatalia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimtuma mimi, afande. Jana kijiko kimefika ukuta wa jikoni. Dawa zilikaa jikoni. Nilitaka siku moja tu."

"Na mahema?"

"Sikujua! Lilipoingia lile lori nikataka kuutoa, nyie mkawa mmeshajaa humu ndani. Nikachanganyikiwa. Kila nilipowaona watoto pale nje nikasema sasa, nikamkumbuka wangu, nikashindwa."

"Kwa nini hukusema ni mwanao?"

"Ningeondolewa. Nani angesimama na kijiko?"

Inspekta aliinua macho ukutani, akaisoma karatasi kwa sauti, pole pole.

"Kanuni ya tisa. Afisa mwenye ndugu miongoni mwa waathirika hatashika faili lao. Ataletwa afisa mwingine, na kazi zote za uwanjani zitaendelea kama zilivyo mpaka afike."

"Naijua," alisema Mratibu. Kisha akageuka kuisoma mwenyewe.

"Afisa mwingine anatoka wapi?"

"Makao makuu." Akaweka kidole juu ya mstari ule. "Siku nne."

Ungesema sentensi moja, ungepewa siku nne. Inspekta hakuyatamka. Alimsukumia hati ya mahema. Mratibu akapiga muhuri, na Karani akatoka mbio nayo getini, akimwita Dereva kwa jina la mnyama.

Kisha Inspekta akaweka orodha mezani na kalamu juu yake. Mratibu akaichukua kalamu. Kwenye mstari wa kumi na moja, katika safu ya ndugu, akaandika: Baba.

"Sasa huna ruhusa ya kuigusa," alisema Inspekta, akaikunja. "Na una makosa mawili. Kuficha mali ya serikali, na kutoa taarifa ya uongo. Utakwenda nami kituo cha polisi."

"Nitakwenda." Akaokota buti zake. "Naomba kwanza nikasimame pale kwenye ukuta wa jikoni."

Nje mahema yalikuwa yakishushwa kwa kelele, na kwa mbali, juu mlimani, kijiko kilikuwa bado kinanguruma.

"Vaa," Inspekta alimwambia. "Gari letu lenyewe limekwama kwenye tope."