Mwenye Mabamba na Mwenye Pembe Tatu

Foleni ya dirisha la stempu pale posta ilikuwa imejikunja mpaka mlangoni, na watu walikwisha kuchoka kuwa na adabu. Viwiko vilikuwa vinafanya kazi. Feni ya dari ilizunguka kama imelazimishwa. Katikati ya zogo hilo alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limejaa vumbi la plasta, naye alikuwa amegoma kuondoka dirishani.

Stempu alizouziwa zilikuwa zimemuudhi. Zilikuwa na picha ya dinosaria wa shingo ndefu, na kijana alikuwa anamweleza karani, ambaye hakuwa amemuuliza chochote, kwamba mnyama yule hakuburuta mkia namna ile. Aliunyoosha hewani nyuma yake. Aliyechora hii, alisema, bila shaka alimtazama mjusi wa jikoni kwake.

"Na wewe ulimwona wapi?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa msichana mwenye gauni la manjano lenye mifuko mikubwa, raba nyeupe zenye madoa ya wino, na nywele alizozibana kwa penseli.

"Nilimwona nani?"

"Huyo mnyama. Unavyomsemea, kama jirani yako."

"Sijamwona yeye. Nimeona nyayo zake kwenye mwamba. Nyayo zipo, alama ya mkia haipo."

"Labda siku hiyo kulikuwa na tope, akauinua usichafuke."

Foleni nzima ikacheka. Karani, aliyetaka kumaliza kazi yake, akamwambia kwamba huyo dada ndiye mchoraji wa stempu hizo, ofisi yake iko ghorofani, na kama wana ugomvi wakaumalizie huko.

Wakapanda ngazi wakibishana. Jioni walishuka bado wanabishana, ila sasa kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake kwenye kona ya ngazi.

Kijana alifanya kazi makumbusho, akisafisha mifupa ya kale na kuitengenezea mifano ya plasta. Wenzake walimwita Bwana Mifupa. Msichana naye, wenzake wa ofisini walimwita Mchoraji tu, kana kwamba hakuna mwingine, na yeye hakuwasahihisha.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, saa za chakula cha mchana.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nasugua jino."

"La nani?"

"La marehemu."

Mchoraji alicheka mpaka wenzake wakanyanyua vichwa. Alimpenda kwa hilo, na kwa mikono yake mikubwa iliyoshika vitu vidogo kwa woga. Ila kulikuwa na jambo moja lililomvuruga. Bwana Mifupa hakusema kitu asichokuwa na ushahidi nacho. Ukimuuliza mnyama fulani alikuwa na rangi gani, atakwambia haijulikani. Ukimuuliza yeye angependa awe na rangi gani, atakwambia kupenda kwake hakuna uzito katika suala hilo. Basi siku moja Mchoraji alijikaza akamuuliza kama anampenda. Jamaa akajibu, kwa sauti ya mtu anayepima maneno, kwamba dalili ni nyingi.

"Dalili?" akasema dada mkubwa wa Mchoraji aliposimuliwa. Dada huyo alikuwa muuguzi, waliishi pamoja, na tayari alikwisha kuanza kumwita yule kijana shemeji. "Dalili ni za homa. Mwanamume mzima hasemi dalili. Anasema ndiyo, au anarudisha vyombo vya watu."

"Hajachukua chombo chochote, dada."

"Hata hilo ni tatizo."

Ukweli ambao dada mtu hakuujua ni kwamba Bwana Mifupa, baada ya simu ile, alikaa na jino lake mkononi akajichukia. Alikuwa na neno kamili. Lilimfika kinywani, likaonekana kubwa mno kwa mtu kama yeye kulisema bila kukosea, akalimeza.

Wakati huo idara ya stempu ikaamua kutoa seti mpya ya wanyama wa kale, na Mkuu wa idara akamwalika Bwana Mifupa awe mshauri wa kitaalamu. Wapenzi walifurahi kama watoto waliopewa likizo. Jioni walitembea barabara ya maduka, wakipanga nani aingie kwenye seti. Bwana Mifupa alikiri kwamba tangu utotoni kipenzi chake ni yule mwenye mabamba mgongoni, mwili kama nyumba, kichwa kidogo, mwendo wa taratibu.

"Mwili mkubwa, kichwa kidogo, taratibu," akarudia Mchoraji. "Kumbe ni ndugu yako."

"Basi wewe ni yule mwenye pembe tatu. Anainamisha kichwa na kuja moja kwa moja."

Kuanzia hapo simu zao zikaanza na "Hujambo, Mabamba" na kuishia na "Lala salama, Pembe."

Ndipo Mchoraji akaamua kwamba swali lililoshindikana kwa mdomo ataliuliza kwa brashi. Alijifungia ofisini. Alichora maji yaliyotulia, na kando ya maji wanyama wawili: Mwenye Mabamba amesimama, kivuli cha mgongo wake kimemfunika Mwenye Pembe Tatu anayekunywa. Hakuna mwingine pale ila wao. Mtoto angeelewa. Bwana Mifupa akiikubali picha hii, alijisemea, atakuwa amejibu. Na asipoikubali, pia atakuwa amejibu.

Siku ya kikao cha kamati ya kupitisha picha aliingia na gauni la bluu iliyokolea, jipya, na hereni alizoazima kwa dada yake. Bwana Mifupa alikuwa amepiga pasi shati lake, na kola ilikuwa bado na plasta. Picha zilibandikwa ukutani. Mkuu alisifu zote moja baada ya nyingine mpaka alipofika kwenye ile ya maji, akasema hii ndiyo roho ya seti nzima, kisha akamgeukia mshauri wake.

Bwana Mifupa aliitazama kwa muda mrefu. Mchoraji aliyatazama macho yake.

"Hii haifai," akasema. "Hawa wawili hawakuwahi kukutana. Mmoja alikwisha kutoweka duniani karibu miaka milioni themanini kabla ya mwingine kuzaliwa. Kuwaweka pamoja ni kudanganya watu."

Mkuu akauliza kama hakuna namna. Bwana Mifupa akasema hakuna. Moyoni alijiona amefanya jambo la maana kwa mpenzi wake: wakusanyaji wa stempu wana macho makali, wangelicheka jina lake katika nchi zote barua zinakofika. Alimtazama akitarajia shukrani. Mchoraji alikuwa anaivua picha yake ukutani, pini kwa pini, na hakumwangalia.

Siku hiyo Mchoraji hakupokea simu. Wala ya pili. Bwana Mifupa akatuma ujumbe kwamba picha ni nzuri kupita zote, kasoro ni hao wawili tu. Hakupata jibu. Akafikiri amemuudhi kitaaluma, akatuma mwingine wa kueleza tabaka za miamba. Hapo ndipo Mchoraji alipoizima simu, akaiweka chini ya mto na kumwambia dada yake kwamba amekwisha kujibiwa, mbele ya kamati nzima, na kwamba hatamngoja tena.

Bwana Mifupa akawa mtu wa kugongana na meza. Alirudia kila neno alilosema kikaoni, akaona yote ni sahihi, na usahihi wake ukazidi kumchanganya. Akiwa amekosea angejua pa kuanzia.

Ni dada mtu aliyempigia.

"Shemeji, nakuuliza swali la kitabibu. Unaona vizuri?"

"Naona, dada."

"Yule mwenye mabamba ni nani?"

"Ni dinosaria wa majani, aliishi..."

"Ni nani, shemeji?"

Muuguzi alisikia kitu kizito kikianguka upande wa pili wa simu.

"Na aliyekuwa anakunywa maji kivulini kwake ni mdogo wangu," akasema. "Ukasema hawakuwahi kukutana. Haya, endelea na mifupa yako."

Bwana Mifupa alimkuta Mchoraji kwenye kiwanda cha stempu, katika chumba cha mitambo ya kuchapia, ambako watu huzungumza kwa kupaaza sauti na kwa vidole. Mchoraji alivaa aproni ya kijivu juu ya gauni, akikagua karatasi kubwa zilizotoka na wino mbichi. Juu ya karatasi, Mwenye Mabamba alikuwa kwenye stempu yake na Mwenye Pembe Tatu kwenye yake, wakitazamana, na baina yao mstari wa vitundu vya kuchania.

"Umewaweka pamoja," akasema Bwana Mifupa, matumaini yakimpanda.

"Karatasi ni ghali. Tunabana nafasi."

Hakujua kama ni kweli au anamtesa.

"Nimeambiwa ile picha ilikuwa nini," akasema.

"Umeambiwa. Hongera."

"Sikuona. Naapa sikuona."

"Sasa umeona. Basi sema walikutana." Mchoraji aliweka karatasi chini. "Hapa hakuna kamati. Sema tu, mara moja, kwa ajili yangu."

Bwana Mifupa alifungua kinywa. Angelisema, mambo yangekwisha, na yeye alijua hivyo. Mchoraji alimtazama akihangaika, na hakujua mwenyewe anatamani nini: alisubiri aseme, na aliogopa kwamba akilisema atakuwa mwanamume mwingine.

"Siwezi," akasema hatimaye. "Hawakukutana. Hata kwa ajili yako siwezi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kusema kwamba sisi tumekutana. Wao walipishana kwa miaka yote ile. Sisi tumeangukia siku moja, foleni moja, dirisha moja. Nimefanya kazi na wafu maisha yangu yote, najua hiyo ni bahati ya namna gani. Na mimi nimeichezea."

Mtambo uliunguruma. Fundi mmoja alipita na toroli ya karatasi kati yao, akaomba njia, akapita. Bwana Mifupa akasema neno lake, kamili, na lingine nyuma yake, la ndoa.

"Sisikii," akasema Mchoraji, akionyesha mtambo. "Sogea."

Akasogea. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikikwaruza.

"Sisikii. Sogea zaidi."

Sasa alikuwa karibu kiasi kwamba wino wa aproni ulimshika shatini. Akainama mpaka sikioni pake, amechanganyikiwa, hajui kama anakubaliwa au anafanyiwa mzaha, akayarudia yote kuanzia mwanzo, polepole, bila kupunguza neno. Mchoraji alifumba macho asikilize. Alikuwa amesikia tangu ile mara ya kwanza.