Korongo Aliyesimama Njiani

Kazi yetu pale kiwanjani, tambarare chini ya Moshi, ni kuwafukuza ndege wa manyoya wasiingie kwenye injini za ndege za bati. Mimi na Melkior, gari moja, spika moja, na mdomo wangu. Marehemu mkewe, Lukresia, alikuwa akisema mdomo huu hauhitaji spika. Akaniita Shemeji Honi. Yeye peke yake.

Jioni hiyo Melkior alikuwa kanyoa, kajimwagia manukato. Ndege ya Dar ilikuwa inamleta mchumba wake, Stella. Mbele ya usukani kaweka jani bichi la sale. Kesho yake alikuwa apande Mwika kuwaomba radhi kaka za Lukresia, kwa kuoa tena. Kwetu Wachagga, ukiombwa kwa sale, hukatai.

"Bwana harusi," nikamwambia, "umenukia mpaka kunguru wamehama!"

Kweli walikuwa wamehama. Wote.

Isipokuwa korongo mmoja, katikati ya lami.

Nikapiga honi. Wapi! Nikawasha spika ya mlio wa tai. Nikafyatua baruti... Korongo akageuza shingo, taratibu, akamtazama Melkior. Mimi na vituko vyangu vyote sikupewa hata jicho.

Kisha harufu. Ndizi mbivu zikichemka. Mbege, pombe ya ndizi aliyokuwa akipika Lukresia.

Pale hakuna nyumba. Hakuna jiko.

Redio ikakoroma: "Rubani ameshazunguka, mafuta yanamwishia! Mwondoeni huyo!"

"Ni yeye," Melkior akanong'ona. "Akikata roho aliniapia: mwanamke atakayeingia kwako atapita kwangu kwanza."

"Na sale unawapelekea kaka zake! Yeye je?"

"Si amekufa?"

"Mwambie yeye, basi!"

Akashuka, akapiga goti, akaliweka jani miguuni pa korongo.

"Mke wangu, nisamehe. Mruhusu aingie."

Korongo akaliokota kwa mdomo. Akaruka... moja kwa moja kuelekea taa za ndege iliyokuwa ikishuka.

Nikafumba macho.

Hakuna kishindo. Matairi yakagusa lami, salama. Kwenye injini hatukukuta hata unyoya.

Stella akashuka ngazi. Msukuma wa watu, mlokole, hatujawahi kuonana.

"Shemeji Honi," akaniambia. "Mbege mmenibakishia?"

 

Akafungua mkoba, akatoa jani bichi la sale, akamnyooshea Melkior kwa mikono miwili.

"Nakuomba," akasema, "turudi nyumbani kwetu."

Melkior akanitazama. Mkono wake ulikuwa tayari unainuka kupokea.