Mjomba wa Kocholia

"Ameamka. Amewasha kishikwambi."

Sauti ya Vivianne ilinong'ona kwenye kisikizi kilichokuwa sikioni mwa Asekenye.

Saa mbili asubuhi, Malaba, upande wa Kenya. Asekenye alikuwa ndani ya Toyota Probox, amevaa sare ya uhamiaji aliyoazimwa jana. Chini ya sare, Glock.

"Anafanya nini?"

"Anakariri. Kadi ishirini tayari. Amekosa mbili tu."

Asekenye akauma meno.

Kishikwambi kile kilikuwa cha kaka yake, Okurut. Hata programu iliyokuwa ndani ilikuwa kazi ya mikono yake: kadi za kukariri, swali mbele, jibu nyuma. Kadi unayoikosa hurudi upesi, unayoijua hupumzika. Okurut na mwenzake wa kazi, Vivianne, waliianza ili wauza dawa wa Busia wajifunze kutambua boksi bandia. Siku moja, akipiga picha za kadi hizo hapa Malaba, Okurut alinasa shehena nzima ya dawa bandia za malaria ikipakuliwa, akamtumia Vivianne picha.

Kesho yake alikutwa mtaroni, amekufa. Kishikwambi hakikuonekana.

Vivianne hakuacha. Miezi minne aliijenga programu peke yake, toleo baada ya toleo. Wiki iliyopita kishikwambi kilichopotea kikaamka na kuomba toleo jipya.

Muuaji alikuwa ameipenda programu!

Vivianne akausoma mpango wote humo: wakubwa wa muuaji walimpa kitambulisho halali cha mtu aliyekufa, Josiah Barasa wa Marachi, na kumtilia katika programu kadi sitini za maisha ya Barasa. Azikariri, kisha avuke na lori.

"Jina la Barasa peke yake si kesi," Kamanda Akwii, mkuu wa Asekenye katika upelelezi, alikuwa ameonya. "Wakili wake atamtoa kabla ya chai. Nataka neno lililomo ndani ya kishikwambi hicho tu, litoke kinywani mwake. Bila hilo, usimguse."

Jana Vivianne akapata njia. "Programu humpa kadi mpya kumi kwa siku. Kumi za mwisho hajaziona bado."

"Basi moja niandike mimi."

"Dada, hii si programu ya kuulia watu."

"Sitamuua." Asekenye akaigusa Glock. "Niombee nisimuue."

Saa tano, Asekenye akiwa sasa nyuma ya kaunta ya uhamiaji, lori la Fuso likaingia uwanjani. Dereva akashuka: mnene, shati la drafti, tabasamu la mtu aliyezoea kupitishwa. Akafika dirishani kwa Asekenye.

"Habari ya kazi, madam. Leo jua limetuamulia."

"Jua halina foleni, boss. Kitambulisho. Josiah Barasa, wa wapi?"

"Marachi. Mtu wa mihogo na kuku."

"Mbona Kiswahili chako ni cha ng'ambo?"

"Biashara, madam. Ukikaa sana na Waganda, utamwita hata mke wako ssebo."

Foleni ikacheka kusikia mke akiitwa "bwana" kwa Kiganda. Asekenye naye akacheka. Moyoni palichemka kama sufuria ya pombe ya busaa.

"Nani alikulea?"

Jibu likatoka upesi, kama la mwanafunzi wa kwanza darasani.

"Mjomba wangu, Okurut Emojong wa Kocholia. Alikuwa na kovu kidevuni. Mtu wa maombi sana."

Kila neno Asekenye aliliandika mwenyewe jana kwenye ile kadi moja, machozi yakidondokea vidole.

"Rudia jina."

"Okurut Emojong. Kwani kuna shida?"

Hakushtuka hata kidogo. Alimuua mtu bila kuuliza jina lake.

Kinasa sauti kilichofichwa kolani kilikuwa kimemeza yote.

"Tumesikia," akasema Kamanda Akwii sikioni. "Mchukue."

Dereva akayaona macho ya Asekenye yakibadilika. Mkono wake ukaruka chini ya shati.

Asekenye alikuwa tayari hewani.

Akavuka kaunta. Kiwiko, koo. Kifundo cha mkono kikapigwa ukingoni. Bastola ikaanguka. Jamaa akalala kifudifudi sakafuni, mdomo wa Glock nyuma ya sikio.

Kidole kikagusa kilimi cha kufyatulia.

Miezi minne alikuwa amemwomba Mungu dakika hii. Sasa akamwomba aiondoe.

Bwana, nishike mkono.

Kidole kikalegea. Polepole. Kwa shida.

Nje, askari walifungua Fuso. Nyuma ya magunia ya simsim kulikuwa na maboksi mia nne ya dawa, yaleyale ya kwenye picha ya Okurut.

"Madam," jamaa akahema, shavu kwenye saruji, pingu mikononi, "huyo Okurut ni nani?"

Asekenye akainama.

"Mlikutana hapa hapa Malaba. Ukamwacha mtaroni. Hukumuuliza jina."

Uso wa jamaa ukawa majivu.

"Sasa unalijua," Asekenye akasema. "Na hutalisahau. Umelikariri mwenyewe."

Akachomeka bastola, akavua kofia ya kuazima, akaiweka kaunta.

"Vivianne, toleo jipya lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda."

"Tia na kadi za maboksi haya."

Akapita katikati ya malori. Hakugeuka.