Jina la Aliye Hai

Kwetu Upernavik, kaskazini ya mbali, majini hayangoji giza, maana kiangazi jua halizami. Basi lile la nyumbani kwa Nivi lilikuja wakati wa chai.

Mumewe, Enok, alikuwa mtafiti wa barafu kuu, ile iliyofunika nchi yetu. Yeye na kaka yake Qaavi waliitoboa hadi chini, wakasoma joto na baridi ya kale katika viputo vya hewa vilivyofungwa humo. Vipande vilivyobaki walivitia kikombeni, vikapasuka vikitoa pumzi ya zamani, nao wakacheka. Mwaka mmoja Enok alirudi peke yake. Alisema Qaavi ametumbukia katika ufa wa barafu. Nivi alilia sana, na alipojifungua akampa mwanawe jina la shemejiye, kwa kuwa marehemu hupumzika ndani ya mtoto aliyepewa jina lake.

Siku jini lilipokuja, Enok alitia barafu kikombeni. Ikapasuka, ikatoa harufu ya tumbaku ya Qaavi. Kisha zikasikika nyayo zikikanyaga theluji ilhali nje theluji yote ilikwisha kuyeyuka, zikazunguka nyumba na kuzunguka tena, zikasimama dirishani kwa mtoto, na kila ziliposimama pumzi ilimkatika mtoto, midomo ikamgeuka bluu.

Nivi akamwita bibi yake, Tabita, mjuzi wa majina. Bibi alinusa kikombe, akanong'ona, "Mkwe, maiti ya Qaavi uliiona?"

Enok akageukia ukuta.

"Nakuuliza wewe, siulizi ukuta."

Ndipo yakatoka. Qaavi ndiye aliyegundua kwamba barafu inayeyuka kwa chini; Enok akatangaza ugunduzi huo kuwa wake. Qaavi alipojua hakugombana naye. Alishika njia kuelekea barafuni kwa miguu, bila kugeuka nyuma. Anayeondoka hivyo kwa kusalitiwa hafi, hugeuka qivittoq, jini la huko juu. Enok alimtazama akipotea, akawasha pikipiki yake ya theluji, akarudi.

"Mmempa mtoto jina la mtu aliye hai," Bibi alisema. "Mwenyewe amelifuata. Mvueni jina hilo, mpeni la marehemu. Upesi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Enok alikuwa amemwacha Nivi aomboleze bure, kisha akamwacha amvike mtoto wao hatari ile kwa mikono yake mwenyewe. Moyo ulimuuma kuliko siku ya msiba.

"Ulinisikia nikimpa jina," alimwambia. "Ukaitikia amina."

"Niliogopa utaniacha, mke wangu."

Nivi akamwinamia mtoto. "Kuanzia leo unaitwa Enok, jina la marehemu baba yako."

Bibi alifumba macho, hakupinga. Nyayo ziliondoka dirishani, zikaja hadi mlangoni. Mtoto akavuta pumzi, midomo ikarudi rangi yake. Enok aliinuka taratibu, akavaa viatu, akatoka bila kuufunga mlango.

Nivi ndiye aliyeufunga.