Sauti ya Marehemu Swichibodini

Simu iliita ofisi ikiwa imekwisha fungwa.

Raheli hakuipokea upesi. Aliiacha ilie, mkono juu ya bastola yake ya Walther, macho kwa Mzee Mwinshehe, mlinzi wa ghala la baruti, aliyejibana ukutani kama mtu aliyenyeshewa.

"Ndiye huyo," mzee alinong'ona. "Usipokee, mwanangu. Ni marehemu."

Ilikuwa mwaka 1971, Kilosa, katika ofisi ya mradi wa barabara. Kwa kawaida jioni karani wa simu alichomeka waya mmoja kwenye swichibodi kabla ya kuondoka, na kila simu ya nje ikaenda kulia kibandani kwa mlinzi. Mwezi huo mlinzi alikuwa ameipokea zaidi ya mara moja, akasikia sauti ya Beda, karani wa zamani, ikimtaka akimbie.

Alikimbia. Kila kulipokucha, makasha ya baruti yalikuwa yamepungua.

Na Beda alikuwa amekwisha zikwa. Walimwopoa mtoni Mkondoa, shingo imevunjwa.

Hadi jioni ile, pale ofisini hakuna aliyejua kwamba Beda alikuwa jasusi wa serikali. Wala kwamba karani mpya, huyu Raheli, alikuwa jasusi vilevile, na mdogo wake wa tumbo moja.

Leo Raheli hakuchomeka waya wa kibandani. Alivaa visikizio, akafungua laini.

"Mzee, ondoka hapo."

Ilikuwa sauti ile ile yenye mkwaruzo, iliyombembeleza utotoni alipougua surua.

"Wanakuja." Kikohozi. "Kimbia, mzee wangu."

"Kaka," Raheli alisema kabla hajajizuia. "Uko wapi?"

Waya ulivuma. Muda ukapita.

"Mzee, ondoka hapo. Wanakuja." Kikohozi. Kile kile, mahali pale pale.

Raheli alifumba macho. Hakuna mtu, hai wala mfu, anayekohoa hivyo mara mbili.

Ilikuwa tepu.

Alibonyeza laini ya posta, kwa opereta wa simu. "Marselina, simu hii inatoka wapi?"

"Mikumi, dada. Nyumba ya wageni, pale njia panda."

"Usiikate."

Akashika redio. "Swala, hapa Kanga. Nyumba ya wageni, njia panda."

"Nimekupata," alijibu Saning'o, jasusi mwenzake aliyekuwa akingoja Mikumi. "Naingia."

Nje, Landrova iliingia uani taa zimezimwa. Mtu akashuka na funguo mkononi, akienda ghalani bila wasiwasi wowote.

Yohana, mtunza ghala.

"Umechelewa kutoka kazini, Bwana Yohana," Raheli alisema nyuma yake.

Yohana aligeuka. Mkono ulizama kotini.

Walther ililia mara moja. Bastola ya Yohana ikaanguka, naye akafuata, ameshika bega.

"Baruti ni ya nini?"

"Daraja," alilia. "Daraja la barabara ya Zambia. Mzungu ndiye... Beda alitugundua..."

Mzee Mwinshehe alitokea na kamba. Alimfunga Yohana kwa fundo la mtu anayefunga ng'ombe mkorofi.

Raheli alipofika Mikumi, Saning'o alikuwa amesimama mlangoni na bunduki. Kitandani alikaa mgeni aliyejiita mpiga picha wa wanyama, pingu mikononi. Mezani palikuwa na simu, ramani ya daraja, na kinasa sauti cha Uher.

"Pole, dada," Saning'o alisema taratibu.

"Nimeshapoa."

Mgeni alimtazama Raheli usoni, kisha akatabasamu. Aliona alivyofanana na mtu fulani.

"Tepu hiyo ni ndefu," alisema kwa Kiswahili kizuri. "Alikataa sana kabla hajasema tulichotaka. Mwishoni anaita jina. Jina la mwanamke. Bonyeza, usikie."

Kidole cha Raheli kilikuwa kimekwisha fika kwenye kitufe.

Saning'o alitazama sakafu.

Angeweza kumsikia. Mara moja tu. Kisha angemsikia maisha yake yote.

Aliiondoa tepu, akamkabidhi Saning'o.

"Ipeleke Dar. Waisikilize watu ambao hawakumjua."

Tabasamu la mgeni likafa.

"Na wewe?" Saning'o aliuliza.

"Magole, kwa mama."

Alirudisha bastola kiunoni, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akatoka. Huko nyuma simu ya mezani ilianza kuita. Raheli aliwasha gari.